Sauti ya Mwalimu Kengele

Jina la Kengele hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watoto wa darasa la awali, mwaka ule kengele ya shule ilipoibwa na mtu ambaye bila shaka aliiona ni chuma chakavu tu. Mwalimu mkuu alikuwa bado anakuna kichwa, anawaza atapata wapi nyingine, ndipo mwalimu wa watoto wadogo alipotoka mlangoni kwake, akashika kiuno, akaita mara moja tu: "Haya, ndani!" Shule nzima ikaingia madarasani. Inasemekana hata wateja wa dukani, ng'ambo ya barabara, walijikuta wamesimama wima. Kengele mpya ilipokuja, jina lilikuwa limeshaganda.

Hakuwa mkali. Sauti yake ndiyo ilivyoumbwa, nene, pana, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kama mlango mzuri unaofungwa na mtu asiye na haraka. Na nyumbani ilikuwa na kazi yake. Mumewe alikuwa fundi seremala, na misumeno ya umeme ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, mpaka akabaki anasikia vitu viwili tu duniani, radi na mkewe. Mwenyewe ndivyo alivyotania. "Mungu alinipa masikio mabovu," alikuwa akiwaambia wateja, "akaona haya, akanipa na mke wa kuyatosha."

Darasani, Mwalimu Kengele alifundisha kwa vitu vya kushikika. Chumba chake kilikuwa kirefu, chenye madirisha ya nondo na sakafu ya saruji, na kila kona ilikuwa na beseni au boksi. Humo mlikuwa na mchanga wa kuandikia kwa kidole, vizibo vya chupa, vijiti, na vipande vya mbao kutoka karakana ya mumewe. Aliamini kwamba mtoto husoma kwa vidole kwanza, macho yakafuata nyuma. Kwa hiyo siku dada mmoja wa mradi alipokuja shuleni na sanduku la simu kubwa, zile wanazoziita vishikwambi, Mwalimu Kengele alikunja uso.

"Dada yangu, hawa bado wanajifunza kushika kijiko, na wewe unataka kuwafunga kwenye kioo?"

Yule dada hakukasirika. Alikuwa msichana mchangamfu, mwenye miwani inayoteremka puani kila anapoinama. Akatandika mkeka mdogo juu ya meza, akaisimamisha simu kwenye kishikizo chake, na juu yake akabandika kioo kidogo kilichoinama, ili kamera iuone mkeka. Kisha akamwaga mfuko wa vibao vya mbao. Kila kibao kilikuwa na silabi moja, ba, be, bi, na kuendelea. Akachukua kimoja na kingine, akavipanga mkekani, *ma* na *ma*. Simu ikaona, ikatamka: "Ma. Ma."

"Kioo hiki bila mikono hakifanyi kitu, mwalimu," yule dada akasema. "Mtoto asipoinuka, asipotafuta kibao, asipokipanga, simu inanyamaza. Jaribu uone."

Mwalimu Kengele akajaribu. Akapanga, akapangua, akachanganya makusudi ili aione simu ikishindwa. Mwisho akacheka kicheko kilichowafanya walimu wa jirani kuchungulia. "Mchezo huu ni mzuri," akasema. "Ila huyo mnayemtumia kuongea ana usingizi."

Ilikuwa kweli, sauti ile ya majaribio ilipooza. Yule dada akasukuma miwani juu, akamtazama. Wiki iliyofuata akarudi na kipaza sauti. Wakaingia stoo ya shule, wakasimamisha magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie, na Mwalimu Kengele akaanza kutamka silabi zote za lugha, moja baada ya nyingine, za peke yake na za kuungana, mpaka *nja nje nji njo nju* na *mbwa* na *ng'o*.

"Mama, usipige kelele," yule dada alimwambia mara kwa mara. "Kipaza sauti kipo hapa puani pako."

"Mimi sipigi kelele, mwanangu. Naongea."

Walipomaliza silabi wakarekodi na pongezi. Mwalimu Kengele akaongeza neno lake mwenyewe, lile alilozoea kumwambia mtoto anayetetemeka mbele ya ubao: "Pole pole, hakuna anayekukimbiza." Kwa malipo alipewa soda na fulana ya mradi iliyokuwa kubwa mno. Mumewe akaichukua ya kuvaa kazini.

Basi zile simu zilipoanza kutumika, watoto walikuwa na jambo la kushangaa. Mwalimu alikuwa amesimama pale, mdomo umefungwa, na sauti yake ilikuwa inatoka mezani. Kulikuwa na msichana mmoja mdogo ambaye walimu walimwita Bi Swali, kwa sababu hakujibu kitu bila kuuliza kingine. Yeye alizunguka nyuma ya simu, akachungulia, akagonga kwa kidole.

"Mwalimu, umeingiaje?"

"Niliingia kwa mlango wa uani," Mwalimu Kengele akamjibu, na darasa zima likaenda kuutafuta mlango huo.

Wakati huo koo la Mwalimu Kengele lilikuwa limeshaanza kumsumbua. Yeye alidhani ni chaki. Ikawa mafua, ikawa baridi ya asubuhi, ikawa vumbi. Alikunywa tangawizi, akalamba asali, akafunga kitambaa shingoni. Sauti ikawa inakatika katikati ya neno kama redio ya betri zinazoisha, naye anaikohoa, inarudi. Halafu ikawa hairudi upesi. Binti yake, aliyekuwa na duka dogo la vifaa vya shule mjini, ndiye aliyemshika mkono akampeleka hospitali, na hospitali ikamtuma hospitali kubwa zaidi. Huko wakamwonyesha kwenye skrini kitu kidogo cheupe kilichokaa juu ya nyuzi za sauti.

Walimpasua. Alipozinduka, daktari alikuja akaketi kando ya kitanda, akaiweka vizuri shuka ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Tumekitoa chote, mama, na hakijasambaa. Utakula, utapumua vizuri, utaishi. Lakini kilikuwa kimeshikamana sana na nyuzi. Kusema utasema, ila kwa mnong'ono."

Alitaka kuuliza, mpaka lini? Akafungua mdomo, akasukuma, na kilichotoka ni hewa tu. Daktari akamsoma midomo.

"Itabaki hivyo hivyo, mama," akasema. "Pole sana."

Mumewe alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, kofia mkononi, anamtazama mmoja, anamtazama mwingine. Hakuwa amesikia lolote. Akasubiri aambiwe, na aliyezoea kumwambia ndiye aliyekuwa kitandani. Ilibidi binti yao amtoe nje kwenye ukumbi, apaze sauti mbele ya wagonjwa na manesi wote: "Baba! Mama hatapata sauti tena!"

Hivyo nyumba ile ikaingiwa na ukimya wa ajabu. Mke anaongea, mume hasikii. Mke alijifunza kumgusa mumewe bega, kumwonyesha kwa kidole, kumwandikia kwenye kipande cha mbao kwa penseli yake ya useremala. Lakini yule mzee alikuwa msomaji wa tabu. Vipimo alivisoma kama maji, ila sentensi zilimtoa jasho, naye aliona aibu kuomba muda. Mara nyingi aliitikia tu kwa kichwa, kana kwamba ameelewa, kabla hajafika mwisho.

Mwalimu Kengele aliporudi shuleni, siku za mwanzo zilikuwa mateso. Wahenga walisema paka akitoka, panya hutawala. Hapa paka alikuwepo, ila hana mlio. Alipiga makofi, watoto wakadhani ni wimbo, wakapiga nao. Aliandika ubaoni "Kaeni chini," nao ndio kwanza walikuwa hawajui kusoma. Walimpenda, hilo halikuwa na shaka, lakini mtoto mdogo akimpenda mtu humpanda mgongoni. Mwalimu mkuu, kijana mpole aliyewahi kufundishwa na mwalimu huyo huyo, alikuja siku moja akasimama mlangoni, akaangalia fujo ile, akamwita pembeni.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Mwalimu. Tutakutafutia kazi ofisini. Za makaratasi."

Mwalimu Kengele akamshika mkono, akamnong'oneza, akarudia, mpaka yule kijana akaelewa kwamba anaomba amalize muhula.

Asubuhi moja watoto walikuwa wamepagawa. Nje kulikuwa na mvua, ndani mchanga umemwagwa, wawili wanapigania kizibo. Mwalimu Kengele alichoka. Akaketi sakafuni kwenye mkeka mbele ya simu, kama mtu anayeketi barabarani baada ya kukosa gari, na bila kuwaza akachukua vibao viwili, akavipanga, *ka* na *a*.

"Ka. A!" ikasema simu.

Ilikuwa sauti yake, nzima, na mkwaruzo wake. Darasa zima likakaa. Aliyekuwa juu ya meza aliketi hapo hapo juu ya meza.

Mwalimu Kengele mwenyewe alishtuka. Alitazama vile vibao kana kwamba vimemuuma.  Akatafuta vingine, *nya*, *ma*, *ze*, *ni*.

"Nya. Ma. Ze. Ni."

Wakanyamaza. Bi Swali akaitazama simu, akamtazama mwalimu, akanyoosha kidole kuelekea shingoni, kwenye kovu la upasuaji.

"Mwalimu, koo lako limo humo?"

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Lilikuwa humo.

Kuanzia siku hiyo alifundisha hivyo. Aliketi mkekani, watoto wamemzunguka, anapanga vibao, simu inasema. Ilisema kwa kukatakata, silabi moja moja, kama mtu anayeruka madimbwi, lakini ilikuwa ni yeye. Na kukatwa kwake kulileta jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Watoto hawakuwa na subira ya kungoja neno liishe. Walianza kukisoma kibao kabla mkono haujakishusha, wakishindana kulikisia. Akiweka *to* na *ke*, kabla *ni* haijafika, nusu ya darasa iko mlangoni. Walioshinda wakaomba nao wapange. Wakapanga majina yao, wakapanga matusi madogo, wakapanga "mwalimu anakula chaki," na sauti ya mwalimu mwenyewe ikatamka matusi hayo kwa ufasaha, naye akacheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Kabla ya muhula kuisha walikuwa wanasoma. Mwalimu mkuu hakutaja tena habari ya makaratasi.

Vibao vilikuwa havitoshi. Sentensi inakula *wa* na *ni* kama moto unavyokula majani. Mumewe akachukua kimoja kwa mfano, akachonga vingine kwenye karakana yake, akavipiga msasa, akaandika herufi kwa rangi nyeusi. Vingine simu ilivikataa, labda mkia wa herufi umepinda, naye anarudi, anafuta, anaandika tena, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasani.

Hakujua hasa vinafanya kazi gani. Alidhani ni mchezo wa watoto tu. Mpaka Jumamosi moja mkewe alipoomba ruhusa, akabeba simu moja nyumbani, akaiunganisha na spika ya redio, akaiweka dirishani kuelekea karakana. Akapanga vibao, akaongeza sauti mpaka mwisho.

"Ba. Ba. Njo. O. U. Le."

Msumeno ulizimwa. Yule mzee akatoka mbio, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi, kiatu kimoja kimechopoka mguuni.

"Mama watoto! Umepona?"

Yeye akabaki na kibao mkononi. Hakuwa amefikiria hilo. Alinyoosha kidole kwenye simu, na mumewe akaitazama kwa muda, akaelewa taratibu, uso ukabadilika mara nyingi. Halafu akavuta kiti.

"Iambie iseme tena," akasema.

Zikawa ndizo Jumamosi zao. Chakula kikishaliwa, mezani hubaki vibao. Mkewe alimwuliza habari za wateja, alimpa habari za shule, alimkemea: "We we na vi a tu vya ko." Mzee alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile fulana ya mradi. Mambo yaliyokuwa yamekaa miezi bila kusemwa yalisemwa, silabi kwa silabi. Alimwambia aliogopa hospitali. Akamwambia harufu ya mbao za misonobari inamuumiza kichwa, na imemuumiza tangu walipooana, na hakuwahi kusema. "Kumbe!" mzee akasema. "Kwa sauti yote ile, hilo tu ulilificha?"

Wakati wa likizo ndefu, mwalimu mkuu alipata ujumbe kutoka kwa wenye mradi. Simu zote zikusanywe, mtaalamu anapita kuziunganisha na mtandao, zipokee toleo jipya, bora zaidi. Mwalimu mkuu alifurahi, kama ambavyo mtu yeyote angefurahi. Mtaalamu akaja, akaziunganisha, akanywa chai, akaondoka. Hakuna aliyemtafuta Mwalimu Kengele kumwuliza. Kwa nini aulizwe? Lilikuwa toleo bora zaidi.

Siku ya kufungua shule aliketi mkekani, watoto wakamzunguka, wamerefuka, meno yamepungua. Akapanga, *ka*, *ri*, *bu*, *ni*.

"Karibuni!"

Neno lilitoka zima, halikukatwa hata kidogo. Ilikuwa sauti ya msichana, laini kama sabuni ya maji, yenye furaha.

Watoto wakatulia. Mmoja akapiga kelele, "Mwalimu amepona!" Mwingine akamkatalia, "Siye huyu." Bi Swali akasogea, akachungulia nyuma ya simu.

"Mwalimu, huyu nani?"

Mwalimu Kengele alipapasa vibao. Akapanga, *si*, *ju*, *i*.

"Sijui!" ikasema ile sauti, kwa uchangamfu mkubwa.

Alijaribu simu ya pili, ya tatu, zote zilizokuwa sandukuni. Alizima, akawasha. Alipanga maneno magumu, akidhani labda sauti yake imejificha huko ndani, kwenye *ng'o* au *mbwa*. Yule msichana aliyatamka yote bila kosa.

Mchana akaenda kwa fundi simu, kibanda cha bati karibu na kituo, akamwandikia shida yake kwenye karatasi. Fundi alikuwa mtu muungwana. Aliifungua programu, akaingia huku na huku, akavuta pumzi.

"Mama yangu, hapa ni kama nyumba iliyobomolewa, ikajengwa nyingine pale pale. Unaniomba ufunguo wa mlango wa zamani. Hata nikikuchongea, utafungua wapi?"

Kwenye boksi la simu kulikuwa na namba ya huduma kwa wateja. Akaipiga mwenyewe, akiwa amesimama nyuma ya darasa. Kijana akapokea upesi, kwa adabu. "Haloo, karibu, nikusaidie nini?"

Akamweleza. Alisukuma hewa yote aliyokuwa nayo kifuani, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Haloo? Sikusikii. Haloo? Samahani, mtandao wako unasumbua. Jaribu kupiga tena baadaye." Ikakatika.

Akapiga tena. Akapokea mwingine, msichana, naye hakumsikia. Mara ya mwisho alijibiwa kwa hasira kidogo: "Wewe unayepumua kwenye simu za watu, tafadhali, hapa ni kazini." Alirudisha simu mfukoni, akasimama pale, mgongo ukutani, mpaka kengele ya mapumziko ikalia.

Binti yake alipopiga kwa niaba yake, aliambiwa malalamiko yamepokelewa. Binti hakuridhika. Akamtafuta yule dada wa miwani, akampata baada ya kuhangaika, akaweka simu kwa sauti kubwa ili mama asikie.

"Jamani, Mwalimu Kengele!" yule dada alisema. "Mimi niliacha kazi pale. Mradi walishauuza kwa kampuni nyingine. Sikujua kabisa kuhusu koo lako, mama. Nisamehe. Ngoja niulizie."

Aliulizia kweli. Ujumbe wake ulikuja baada ya siku nyingi. Wenye programu walikuwa wameondoa rekodi zote za zamani za watu ili toleo jipya liwe jepesi kwenye simu. Hakuna aliyekuwa ameziweka kando. Binti aliusoma ujumbe kwa sauti, na mama yake akamwomba kwa ishara aurudie. Liwe jepesi. Alikaa akiwaza sauti yake ilikuwa nzito kiasi gani, hata ionekane mzigo.

Alitamani angalau apate wa kumkasirikia. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, wakakaa ofisini, yule kijana akachezea kalamu.

"Mwalimu, niseme ukweli? Mimi nilikuzoea wewe. Nilipoisikia hii ya sasa, nilihuzunika. Lakini watoto inawafaa. Inaunganisha silabi, inatamka vizuri, na wazazi wenye simu za kawaida wanaweza kuiweka nyumbani, wakachonga vibao vyao. Wanakuja kunishukuru. Nikiandika kulalamika, nitalalamikia nini?"

 Mwalimu Kengele alikuwa ameshaona mwenyewe. Wiki ya kwanza watoto waliibenulia midomo ile sauti ngeni. Wiki ya pili wakasahau. Walikimbilia vibao kama kawaida, wakapanga, wakacheka, wakasoma. Mwaka ulipobadilika, wale wapya walioingia walimwita msichana wa kwenye simu "mwalimu," na Kengele wakamwita "mama wa vibao." Bi Swali alikuwa amehamia darasa la kwanza, ana maswali mengine huko.

Binti yake hakukata tamaa upesi. Jumapili moja alikuja na simu yake, amekaa usiku mzima akitafuta, anasema amepata jumbe za sauti alizotumiwa na mama kabla ya ugonjwa. Wakakaa wote watatu mezani, spika imewekwa karibu na sikio la baba. Akabonyeza.

"Wewe! Nyanya zimeisha tangu asubuhi na wewe bado unazurura!"

Ya pili: "Umefika? Mbona husemi kama umefika? Mtu anafika anakaa kimya?"

Ya tatu ilikuwa na nyanya tena. Zote zilikuwa hivyo. Binti akaanza kucheka, mama naye akacheka, na mzee akauliza kwa bidii, "Anasema nyanya gani? Za lini?" Walicheka mpaka kicheko kikawaishia mdomoni. Maneno yenyewe ndiyo hayo machache, hayawezi kukatwa yakashonwa mengine. Huwezi kumfundisha mtoto kusoma kwa nyanya zilizokwisha, wala huwezi kumwambia mumeo jambo la leo kwa ugomvi wa mwaka juzi. Binti akazihifadhi mahali salama, akasema atazifanyia nakala. Hakuna aliyeomba zipigwe tena siku hiyo.

Jumamosi moja tu Mwalimu Kengele alithubutu kuleta ile simu nyumbani. Alisitasita, akaiweka dirishani na spika yake, akaipangia maneno yale yale ya kumwita mumewe chakulani. Msumeno ukazimwa. Mzee akatokea, akasimama kizingitini, akachungulia ndani kwa heshima, akiondoa kofia.

"Tuna mgeni?"

Mkewe akamwonyesha simu. Akapanga tena, na msichana akasema kwa furaha zake, "Baba, njoo ule."

Mzee alisikiliza kichwa kimeinama. "Zima, mama watoto," akasema polepole. "Jirani atadhani nimeoa." Akacheka peke yake, kidogo, akanawa mikono, akaketi. Walikula. Vibao vilibaki kwenye mfuko wake, na Jumatatu simu ikarudi shuleni.

Alasiri ya siku nyingine alimpelekea mumewe chai karakana, akakaa kwenye benchi akimtazama anavyochonga, kwani sasa hata wazazi walimwagiza yeye vibao vyao, na kazi ilikuwa nyingi. Mzee akazima mashine. Akafuta vumbi kwenye sikio lake kwa ncha ya kidole, akaliinamisha upande wa mkewe.

"Niambie mwenyewe," akasema. "Hapa hapa. Labda nitapata."

Mwalimu Kengele akasogea mpaka midomo ikagusa sikio. Ilimchukua muda kuchagua la kusema. Kisha akanong'ona, akiyavuta maneno moja moja, kama alivyokuwa akifanya kwa watoto: "Unaikumbuka sauti yangu?"

Mzee alifumba macho. Alisikiliza kwa uso mzima, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili, na hewa ilipokwisha akangoja bado kidogo, isije ikawa kuna kilichobaki. Kisha akafumbua macho, akaitikia kwa kichwa, kwa uhakika.

"Ndiyo," akasema. "Chai nimekunywa yote."

Kikombe kilikuwa kwenye ukingo wa benchi, kimejaa, vumbi la mbao likielea juu yake. Mwalimu Kengele naye akaitikia kwa kichwa. Akakichukua, akatoka nacho nje, akaenda kukimwaga.